Kampasi Salama Kindu: Anzeni na Ratiba, Taa na Daftari

Chukueni ratiba ya masomo muisome kwa jicho la msichana anayeishi Alunguli. Mji wetu wa Kindu, mkoani Maniema, Kongo, una komini tatu: Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa mto Lualaba, Alunguli iko ng'ambo, upande wa kulia. Anayevuka huvuka kwa mtumbwi au kwa baki (kivuko). Huku kwetu karibu na ikweta giza huingia mapema, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Sasa kipindi cha mwisho kimepangwa kwisha saa kumi na mbili jioni, mwalimu amechelewa kuanza, na hakuna anayethubutu kutoka oditori (ukumbi wa masomo) kabla yake. Msichana yule atafika bandarini gizani, atapanda mtumbwi na watu asiowajua, atashuka ng'ambo gizani vilevile, halafu ndipo atafute motari (dereva wa pikipiki) wa kumfikisha nyumbani. Hakuna aliyemdhuru bado, lakini chuo kimekwisha kumweka mahali ambapo kumdhuru ni rahisi.

Kila tarehe 8 Machi vitenge hushonwa, kila tarehe 10 Desemba hotuba za haki za binadamu husomwa, na wengi wanaozisoma husema kwa moyo safi. Shida huanza kesho yake, pale ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kubadilisha saa ya kipindi, kutia komeo kwenye mlango wa choo, au kushika daftari la malalamiko. Haki za mwanafunzi huvunjwa ndani ya mambo madogo ya kila siku, na ndani ya hayo hayo zinaweza kulindwa. Yafuatayo nayaandika kwa wanafunzi, walimu na viongozi wa Chuo Kikuu cha Kindu, wa ISP (chuo cha ualimu), wa ISTM (chuo cha ufundi wa tiba) na wa vyuo vingine vya Maniema. Mengi hayahitaji mfadhili.

Tembeeni kampasi usiku

Undeni kundi la watu saba: wasichana wawili wa mwaka wa kwanza, mlinzi wa geti, mama anayeuza chakula karibu na oditori, mwanafunzi anayetembea kwa mikongojo au kiti cha magurudumu, mwalimu mmoja na mtu wa utawala. Tembeeni pamoja kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili usiku, na daftari mkononi. Kila mahali jiulizeni: msichana akipiga kelele hapa, nani atasikia? Andikeni panapo giza, penye nyasi ndefu, choo kisicho na komeo la ndani, jengo lililoachwa wazi, kona ambapo simu haishiki mtandao. Mama wa chakula atawaambia mambo ambayo hayajawahi kufika kwenye ofisi ya rekta, kwa sababu yeye huona nani anamfuata nani.

Mkirudi msiandike ripoti ndefu. Andikeni ukurasa mmoja wenye mambo matano, jina la ofisi inayopaswa kulifanya kila jambo, na tarehe. Kufyeka nyasi ni kazi ya asubuhi moja ya salongo (kazi ya pamoja), na komeo la choo fundi wa sokoni analiweka kwa saa moja. Taa ni lazima ziwe za jua, kwa kuwa umeme wa mji wetu hautegemewi. Zikiwa chache, ya kwanza iwekwe chooni, ya pili kwenye geti, ya tatu kwenye njia ya kwenda barabarani. Nimeona majengo ya utawala yakiwashwa taa usiku kucha na vyoo vya wasichana vikiachwa gizani. Mpangilio huo ugeuzwe.

Halafu ratiba yenyewe. Vyuo vyetu hutegemea sana maprofesa wageni, wanaotoka Kisangani, Bukavu au Lubumbashi na kumaliza somo zima kwa wiki moja au mbili, asubuhi hadi usiku, ili waiwahi ndege. Naelewa ugumu wao. Lakini dekani anaweza kumwandikia mgeni kabla hajakata tiketi kwamba hapa masomo hukoma saa kumi na nusu, na kwamba anayechelewa kuanza hasogezi saa ya kumaliza. Ikibidi somo liongezewe saa, ziongezwe asubuhi.

Wanaovuka mto wawe na kundi lao la WhatsApp, waondoke pamoja, na wakubaliane na mpiga kasia au mwenye pirogi anayejulikana kwa jina na uso. Mtumbwi uliojaa kupita kiasi usipandwe, hata kama mvua iko juu. Motari vilevile: andikeni majina na namba za motari kumi wanaoaminika, wapeni kazi ya kampasi kwa bei iliyokubaliwa, na yule atakayemsumbua abiria afutwe kwenye orodha siku hiyo hiyo. Motari hupenda kazi ya uhakika, na orodha hii huwafanya wachungane wenyewe.

Vunjeni upweke wa anayetoa alama

Rushwa ya ngono kwa ajili ya alama kila mwanafunzi wa Kongo anaijua, na wengi huizungumzia kwa kicheko ambacho mimi sikipendi. Msichana mwenye akili anaacha masomo mwaka wa tatu, jirani zake wanadhani ameshindwa darasani, na aliyemfukuza anaendelea kufundisha.

Sheria iko wazi tangu zamani. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha kanuni ya adhabu, inasema mtu anayetumia mamlaka ya kazi yake, vitisho au shinikizo zito ili apate ngono anafanya kosa la unyanyasaji wa kingono, na kifungo chake ni mwaka mmoja hadi miaka kumi na miwili, au faini, au vyote viwili. Jambo la kushika hapa ni kwamba kesi ya kosa hili haianzi bila malalamiko ya aliyetendewa mwenyewe. Ndiyo maana kumlinda anayelalamika ni nusu ya kazi yote. Tanzania wana kifungu cha namna hiyo, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na bado tatizo halijaisha kwao. Makerere, Uganda, walikuwa na kanuni za chuo dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu 2006, na mwaka 2018 chuo kililazimika kuunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza kwa nini wasichana waliendelea kuteswa. Kanuni iliyofungwa kabatini haimlindi mtu.

Tazameni basi namna uovu huu unavyofanya kazi. Mwalimu mmoja anatunga mtihani peke yake, anasahihisha peke yake, anaandika alama peke yake, na kopi za majibu hazirudi. Hapo yeye ndiye mlango pekee. Dawa ni kuongeza watu na macho kwenye kila hatua. Kopi za mtihani zipewe namba, jina libaki kwenye kipande kinachokatwa na kuhifadhiwa na ofisi ya fakalti. Mgawanyo wa pointi kwa kila swali ubandikwe pamoja na matokeo. Kila mwanafunzi awe na siku moja ya kuiona kopi yake, mbele ya watu wawili. Matokeo yatoke kwa tarehe iliyotangazwa, kwa sababu wiki za kungoja ndizo wiki za kuitwa "uje tuongee". Ununuzi wa silabusi utenganishwe kabisa na orodha ya alama. Na kiongozi wa promosheni (darasa la mwaka mmoja), yule mnayemwita CP, asiwe mjumbe wa kupeleka bahasha au ujumbe wa mwalimu kwa wasichana. Akikubali kazi hiyo mara moja, promosheni nzima imeuzwa.

Kuna jambo moja ambalo fakalti ikilifanya peke yake itaokoa wengi: ikataze kazi yoyote ya masomo kufanyika hotelini au nyumbani kwa mwalimu. Profesa mgeni hulala hotelini, na wanafunzi humpelekea huko karatasi za utafiti. Apewe chumba kwenye kampasi, meza na kiti, saa zake zibandikwe mlangoni, na mlango ubaki wazi. Mwalimu mwema hatapoteza kitu kwa kanuni hii, tena italilinda jina lake.

Wewe mwanafunzi, ujumbe wa kwanza ukiingia usiufute, hata kama unakutia kinyaa. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, mtumie mtu mmoja unayemwamini aihifadhi kwenye simu yake, maana simu huibwa na simu huharibika. Jibu kwa maandishi, kwa adabu na kwa ufupi: "Asistanti, salamu. Naomba tuonane ofisini kwenye kampasi, mchana, nitakuja na mwenzangu." Jibu hilo halitukani mtu, na linabaki kuwa ushahidi. Kisha fungua daftari. Kila tukio liandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe aliyoyasema kadiri unavyoyakumbuka, nani alikuwepo. Usiandike hisia tu, andika yaliyotendeka. Miezi mitatu baadaye, mbele ya tume ya nidhamu au mbele ya mwendesha mashtaka, daftari hilo litakuwa na kumbukumbu zaidi kuliko wewe.

Saa 72 za kwanza

Ubakaji ukitokea, mpangilio wa hatua ndio unaookoa. Kwanza hospitali, kabla ya kikao cha familia, kabla ya mchungaji au imamu, kabla ya polisi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, yaani siku tano. Kuna chanjo pia, na matibabu ya magonjwa ya zinaa. Kama inawezekana asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki huozesha ushahidi. Kama amekwisha kuoga na kufua, aende hata hivyo. Aombe cheti cha daktari na abaki na nakala yake. Asingojee karatasi ya polisi ili atibiwe.

Rafiki anayepata habari wa kwanza ana kazi ndogo na nzito. Aseme: "Nakuamini. Si kosa lako. Twende wote." Asiulize alivaa nini. Asiandike chochote kwenye WhatsApp ya promosheni. Na wavulana wa homu (bweni) wasiende kumpiga anayetuhumiwa. Nalisema hili kwa msisitizo, maana vijana wetu wakikasirika huona kipigo ndicho haki. Kipigo huharibu kesi, huweza kumwua mtu asiye na hatia, na humwongezea msichana mzigo wa pili.

Kisha huja wazee na wajomba na mapatano: mbuzi, pesa, au ndoa. Sheria namba 06/019 ya tarehe hiyo hiyo ya 20 Julai 2006 imefunga mlango huo. Faini ya mapatano haizimi kesi ya ubakaji. Sheria hiyo inataka uchunguzi wa awali ufanyike ndani ya mwezi mmoja na hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu, na inamlazimu mwendesha mashtaka au hakimu kulinda usalama, heshima na siri ya aliyetendewa. Sijifanyi kuamini kwamba muda huo hufuatwa siku zote. Lakini wakili anayeutaja kwa barua kila wiki hupata majibu haraka kuliko familia inayokaa kimya. Mawakili wana ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Ulizeni kwenye baraza la mawakili la Maniema, na mtafute cheti cha umaskini kwa huduma za jamii mapema. Kumbukeni pia kwamba baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wana miaka 17. Kwa sheria yetu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na maneno ya kwamba alikubali hayana uzito. Na mvulana pia anaweza kubakwa. Sheria ya 2006 inamlinda, na hospitali impokee bila kumshangaa.

Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ya Daktari Denis Mukwege aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, imeonyesha kwamba mtu aliyedhulumiwa anahitaji matibabu, msaada wa moyo, wakili na njia ya kujitegemea tena, vyote vikishikana. Kampasi haiwezi kuwa Panzi. Inaweza kuwa na mtu mmoja aliyefundishwa, mwenye akiba ndogo ya pesa za usafiri, anayejua jina la muuguzi wa kumwona hospitali kuu ya Kindu na jina la wakili, na anayefuatana na msichana kila hatua ili asirudie kusimulia kwa kila mlango. Na masomo yake: mtihani uliokosekana kwa ajili hiyo urudiwe bila kulipa na bila kueleza sababu mbele ya darasa.

Sanduku lenye kufuli mbili

Karibu kila chuo kimewahi kutundika sanduku la malalamiko, na karibu kila sanduku limebaki tupu. Ulizeni ufunguo uko kwa nani. Ukiwa kwa ofisi ile ile inayolalamikiwa, nani ataweka karatasi? Sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu mwanamke aliyechaguliwa na wenzake, wa pili kwa mjumbe wa wanafunzi. Lifunguliwe kila Ijumaa, wote wawili wakiwepo, na kila karatasi iandikwe kwenye daftari kwa namba bila jina.

Wapokea malalamiko wawe wawili, mwanamke na mwanaume, na wasitoke kwenye kamati ya uongozi wala kwenye ofisi ya apariteri inayoshughulika na nidhamu. Wampe anayelalamika jibu la kwanza ndani ya siku saba, hata kama ni kusema uchunguzi umeanza. Ikiwa mlalamikiwa ni mkubwa wa chuo, karatasi isipite kwake. Iende kwa wizara ya elimu ya juu, kwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), au kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 21 Machi 2013. Tangu tarehe 15 Juni 2023 ipo sheria nyingine, namba 23/027, inayohusu kuwalinda watetezi wa haki za binadamu. Wapokea malalamiko waisome, maana nao watatishwa.

Anayetuhumiwa naye ana haki zake. Aelezwe anatuhumiwa nini, asikilizwe, alete mashahidi wake, na jina lake lisibandikwe kabla ya uamuzi. Wakati wa uchunguzi aondolewe kwenye kusahihisha kopi za aliyemlalamikia. Hiyo ni tahadhari, hukumu bado.

Barua ya malalamiko isiwe ndefu. Yatosha iseme hivi:

"Mimi, mwanafunzi wa promosheni fulani, nalalamika juu ya matendo yafuatayo. Tarehe fulani, saa fulani, mahali fulani, bwana fulani aliniambia maneno haya… Alikuwepo fulani. Naambatanisha picha tatu za ujumbe. Naomba: kwanza, kopi yangu isahihishwe na mwalimu mwingine, pili, nisikilizwe mahali pa faragha, tatu, nijibiwe kwa maandishi."

Peleka nakala mbili, na ya kwako ipigwe mhuri wa kupokelewa, yenye tarehe. Ukiweza kuiandika Kifaransa, vizuri, maana ofisi hufanya kazi kwa Kifaransa. Lakini Kiswahili ni mojawapo ya lugha za taifa kwa kifungu cha kwanza cha Katiba, na malalamiko yasikataliwe kwa ajili ya lugha. Matangazo ya usalama yabandikwe kwa lugha zote mbili: mlinzi na mama wa usafi ndio watakaoona shida kwanza.

Kabila, dini, na waliokimbia vita

Maniema ina teritwari saba, na Kindu huwapokea wote: Walega wa Pangi, Wakusu wa Kibombo, Wazimba, Wabangubangu wa Kabambare, Wasongola, Wakomo wa Lubutu na Punia. Vyama vya wanafunzi wa asili moja vina faida. Humpokea mgeni asiye na shangazi mjini, humtafutia chumba, humzika aliyefariki. Viacheni vifanye hayo. Viwekeeni mpaka mmoja: visipendekeze wagombea wa uongozi wa wanafunzi, na visikusanye pesa za kampeni. Katika uchaguzi, timu ya wagombea itoke walau teritwari tatu tofauti na iwe na wasichana kwenye nafasi zenye uamuzi, siyo ile ya kupanga sherehe peke yake.

Tunajua kabila linaweza kufanya nini ndani ya kampasi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanafunzi walishambuliwa vyumbani mwao. Siku zilizotangulia wanafunzi walikuwa wakishutumiana kuwa wapelelezi wa serikali, na baadhi walipigwa. Washambuliaji walipoingia usiku, mashahidi walieleza kuwa waliwachagua watu kwa asili zao. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaïre, jina la Kongo wakati huo, kwa ajili hiyo. Mambo yalianza kwa minong'ono: huyu ni wa kwao, huyu ni mpelelezi. Mnong'ono wa namna hiyo ukisikika homu, mpokea malalamiko auchukue siku hiyo hiyo, awaite pande mbili mbele ya mwalimu wanayemheshimu wote, na kundi la WhatsApp linalousambaza lifungwe na wasimamizi wake.

Kwenye dini tuna urithi wa kuishi pamoja, Waislamu wengi kuliko mikoa mingi ya Kongo, pamoja na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Kazi iliyobaki ni ya kalenda: mtihani usiwekwe mchana wa Ijumaa saa ya swala wala Jumamosi bila kuwauliza Waadventista, na msichana mwenye hijabu asitolewe mtihanini, akaguliwe masikio, kutafuta visikizio vya simu, na mwanamke mwenzake, faragha.

Goma na Bukavu zilipoanguka vitani mwanzoni mwa 2025, wanafunzi wengi wa Kivu walitawanyika bila karatasi. Anayefika Kindu aandikishwe kwa muda kwa tamko lake na mashahidi wawili, na apewe muda wa kutafuta hati zake. Kifungu cha 13 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinakataza Mkongomani kubaguliwa katika elimu kwa dini, asili ya familia, makazi au kabila. Anayemwuliza "wewe ni wa wapi hasa?" kabla ya kumwandikisha amekivunja.

Ulemavu: hamisheni darasa

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022, namba 22/003, inalinda haki za watu wenye ulemavu, na wengi husema utekelezaji unangoja bajeti. Yapo mengi yasiyongoja. Mwanafunzi asiyeweza kupanda ngazi akiwa kwenye promosheni, promosheni nzima ihamie chini. Mwenye ualbino akae mbele na apewe karatasi ya maandishi makubwa. Kiziwi apewe maelezo ya maandishi kabla ya kipindi, na mwalimu azungumze akimtazama. Asiyeona ajibu mtihani kwa mdomo mbele ya walimu wawili, au kwa simu inayosoma. Wanaoandika polepole waongezewe muda. Muulizeni mwenyewe anahitaji nini. Atawaambia kwa dakika tano, na mara nyingi ni kitu rahisi kuliko mlivyofikiri.

Wa mwaka wa kwanza pia: kuwapiga, kuwavua nguo au kuwalazimisha kunywa pombe kwa jina la ukaribisho ni shambulio la mwili. Wakubwa wanaotaka kuwakaribisha wawaonyeshe maktaba, hospitali na bandari salama.

Siku ya hasira

Kuna siku karo itapanda au mwenzenu ataumizwa, na kampasi itataka kutoka barabarani. Kifungu cha 26 cha Katiba kinaruhusu maandamano, na kinataka waandalizi waiarifu mamlaka kwa maandishi. Pelekeni barua, mbaki na nakala yenye mhuri, chagueni wasimamizi wenye alama ya kitambaa, na msikubali mawe. Kinshasa, Januari 2020, hasira ya karo kwenye chuo kikuu iligeuka vurugu zenye vifo. Serikali ikasimamisha masomo na kuwatoa wakaazi wa homu. Walioumia zaidi ni wale wasio na ndugu mjini.

Mwenzenu akikamatwa, kifungu cha 18 kinasema aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na familia au wakili, na asishikiliwe kwa OPJ (ofisa wa polisi ya mahakama) zaidi ya saa 48 bila kufikishwa kwa mamlaka ya mahakama. Andikeni saa aliyokamatwa. Saa hiyo ndiyo mtakayoanzia kuhesabu.

Kabla ya barabara, tumieni kifungu cha 27, ambacho wachache hukikumbuka. Kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo lazima ijibu ndani ya miezi mitatu. Ombi la saini mia nne kuhusu saa za masomo, taa za vyoo na kopi za mtihani, lenye mhuri wa kupokelewa, ni vigumu kulipuuza.

Ndugu msomaji, kama uko kwenye chuo chochote cha Kindu, anza na ombi hilo mwezi huu. Andika mambo matatu tu, yale ambayo kundi lenu liliyaona usiku kwa macho yenu, kusanya saini promosheni kwa promosheni, wasichana wa Alunguli wakiwa wa kwanza kutia saini, na ulipeleke kwa rekta ukiwa na wenzako wawili. Tarehe ya mhuri iandike ukutani mwa chumba chako, uhesabu miezi mitatu.